Kura ya Fort Lavallee

Maiti ililala kifudifudi juu ya zulia la sebuleni, imevaa suti nzuri na soksi za kijivu. Viatu havikuwepo miguuni.

Inspekta Orest Hrynkiw hakuliona hilo kuwa ajabu. Fort Lavallee mtu haingii nyumbani mwa watu na mabuti, awe mgeni, awe fundi bomba, awe askofu. Hata yeye na askari wake walikuwa wameyavua mlangoni, wakavaa vifuko vya plastiki juu ya soksi zao kabla ya kulikanyaga eneo la tukio.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye, Mkuu," alijibu Sajini Delphine Cardinal. "Lorne Desrosiers. Yule wa Ligi."

Hapakuwa na mtu mjini asiyemjua. Ligi ya Bara ilitaka kuongeza timu mbili za hoki ya barafuni, na Fort Lavallee ilikuwa imejipanga foleni pamoja na miji mingine yenye njaa kama yake. Desrosiers, beki wa zamani, alitumwa na kamati ya Ligi aje aukague mji, kisha arudi kupiga kura. Halmashauri ilimpa nyumba nzima akae. Na kila mtu alijua atakachosema. Kwa miaka mingi, kila alipowekewa kipaza sauti mdomoni, alisema jambo moja: wachezaji hawatoshi, ukiongeza timu unaongeza maji kwenye supu.

"Pigo moja, kisogoni," alisema Delphine. "Silaha ni hiyo hapo."

Kando ya maiti lilikuwa gongo la kipa, pana na zito, la enzi za mbao. Ukutani zilibaki ndoano mbili lilipokuwa limetundikwa kama pambo.

"Limefutwa?"

"Hata. Alama za vidole zimejaa, zimekaa vizuri kabisa."

Orest alirudi mlangoni, akachuchumaa mbele ya trei ya mabuti. Upande mmoja yalikuwepo mabuti ya marehemu. Upande wa pili hapakuwa na kitu, ila maji yalikuwa yamekauka yakaacha duara jeupe la chumvi, ile wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu.

"Mgeni wake alivua mabuti," alisema. "Aliyekuja kuua havui. Huyu alikuja kuzungumza."

Alitamka hayo bila hamu. Tangu mkewe Halyna afariki, mambo yalimfikia kama sauti za watu walio chumba cha pili. Aliamka, alikunywa kahawa, alikamata watu, alilala. Wodi ya moyo ya hospitali ya mji ilifungwa mwaka ule ule walipochimba msingi wa uwanja mpya wa hoki, na wakubwa wakasimama jukwaani kusema kwamba mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo. Halyna alikata roho ndani ya gari la wagonjwa, katikati ya mashamba ya ngano, akipelekwa kwenye wodi ya mji wa mbali. Uwanja nao ulikamilika. Una viti vya kujipasha joto makalio.

Nje, jirani aliyeigundua maiti alikuwa amesimama na koleo lake. Aliitwa Raymond Ouellette, mzee mfupi mwenye barafu kwenye masharubu.

"Ulikuja kufanya nini hapa, mzee?"

"Nilikuwa nasafisha theluji ya kwangu. Nikaona nimalizie na njia ya huyu bwana. Si ndivyo tunavyofanya? Nikagonga mlango nimsalimie. Kimya. Nikachungulia dirishani."

"Umenifutia nyayo zote."

"Ningejuaje, Inspekta? Theluji haikuniambia kuna maiti ndani."

Orest alilitazama gari la marehemu, jipya, la kukodi. Waya wa rangi ya chungwa ulitoka kwenye pua ya gari, ukapita juu ya lundo la theluji, ukaingia kwenye soketi iliyo ukutani.

"Umelichomeka wewe?"

"Mimi? Thubutu! Wiki nzima nimekuwa nikimwashia kwa betri yangu kila asubuhi. Nimemwambia, bwana, hapa baridi ikikaza unachomeka hita ya injini usiku, la sivyo asubuhi unaamka na jiwe. Anacheka tu. Florida ilimharibu yule. Alisahau kabisa kwamba alikulia kwenye barafu."

Orest aliinama. Waya haukuwa na theluji juu yake hata chembe. Ulilala juu, msafi, kama mtu aliyefika baada ya karamu kwisha. Akaupita, akaingia garini mwake.

Kituoni alimkuta Meya Duane Lockhart ameketi kwenye kiti cha Orest.

"Orest, ndugu yangu," alisema Meya, akiinuka polepole. "Msiba mkubwa. Mkubwa sana. Sasa, Ijumaa tuna tangazo pale uwanjani. Utakuwa umemaliza?"

"Mtu amekufa, Meya."

"Najua. Ndiyo maana nataka uharakishe. Huko juu hawapendi mji wenye doa." Alishusha sauti. "Kila mtu anajua ni Clint Wasyliw. Mji mzima ulimsikia akimtisha."

"Kila mtu akijua, mimi nalipwa kwa nini?"

"Hilo hata mimi najiuliza wakati mwingine," alisema Meya, akacheka peke yake, akaondoka.

Clint Wasyliw alikuwa na baa mkabala na uwanja mpya. Meya alipowaahidi timu, Clint alibomoa ukuta akaongeza ukumbi, akajaza viti kwa ajili ya watu ambao hawajafika mpaka leo. Kwenye mkutano wa hadhara alisimama juu ya kimojawapo na kutukana.

"Kaa, Clint," alisema Orest kwenye chumba cha mahojiano.

"Nimekaa tangu asubuhi. Makalio yamekufa ganzi."

"Ulisema Desrosiers akikataa timu hatatoka mji huu akiwa hai."

"Nilisema atatoka kwenye buti la gari. Ukininukuu, ninukuu sawasawa."

"Unaona ni mzaha?"

"Orest, tumesoma darasa moja. Umeniona nikipiga wangapi? Na wangapi kati yao niliwapiga kwa nyuma?"

"Hakuna."

"Basi. Mimi natukana usoni, napiga usoni. Na yule jamaa nilikuwa nampenda, ujue. Alipokuwa kijana anachezea timu yetu ya vijana, nilimlilia siku anaondoka. Ndiyo maana ilinichoma. Mtu uliyemshangilia anakuja kukuambia mji wako hautoshi."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Baa."

"Baada ya kufunga?"

Clint alitazama ukuta. "Baa."

"Ulilala baa?"

"Juu ya meza ya biliadi."

"Kwa nini?"

"Lazima niseme?"

"Lazima."

"Gari lilikataa kuwaka." Sauti ilishuka mpaka ikawa mnong'ono. "Nilipofika kazini theluji inaanguka, hakuna baridi ya maana. Theluji ilipokatika, mbingu zikafunguka, baridi ikashuka kama kisu. Nilisahau kutoka kulichomeka. Nikawapigia watu wa kuvuta magari. Walinicheka mpaka wakakata simu. Waulize."

"Mwanamume mzima, umezaliwa hapa, unasahau kuchomeka gari?"

"Usimwambie mtu, tafadhali. Afadhali uniandike muuaji."

Delphine, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeukia ukuta ili asionekane akicheka. Orest hakucheka. Alikuwa ameacha kuandika.

"Alama za vidole zimerudi?" alimuuliza walipokuwa ukumbini.

"Zimerudi. Za Clint tunazo tangu zile fujo za harusi ya dada yake. Si zake. Wala hazimo kwenye kumbukumbu zetu. Mtu huyu hajawahi kukamatwa."

"Na daktari wa uchunguzi?"

"Anasema marehemu alifariki mapema jioni. Theluji bado inaanguka, na ilianguka muda mrefu baada ya hapo."

"Waya ulikuwa juu ya theluji, Delphine. Si chini yake."

Sajini alimtazama. Alizaliwa kaskazini zaidi, kwenye kijiji cha Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kando ya ziwa, ambako baridi haichezewi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo lilichomekwa theluji ilipokwisha kukatika," alisema. "Mwenye gari ameshakufa."

"Ameshakufa kitambo. Muuaji alibaki ndani. Akakaa. Akatoka baridi imeshakaza, akaona waya unaning'inia, akauchomeka."

"Gari la mtu aliyemuua mwenyewe? Mkuu, ana wazimu?"

"Hapana. Hakufikiri. Mkono ulijiendea wenyewe. Wewe nani anakuchomekea gari ukisahau?"

"Mama yangu," alisema Delphine. "Mpaka leo. Nikienda kumwona, mimi na bastola yangu kiunoni, anatoka na gauni lake la kulalia kwenda kuangalia kama nimechomeka."

Kisha akasikia alichokisema.

"Mama yake Desrosiers alikufa zamani, huko Quebec," alisema Orest.

"Lakini alikuwa na mwingine hapa."

Wote wawili walijua. Vijana wanaokuja kuchezea timu ya vijana hutoka mbali, na desturi ya miji ya nyanda hizi ni kwamba familia humpokea mmoja, ikampa kitanda, ikamlisha, ikamfokea, ikamfundisha kuendesha gari kwenye barafu. Lorne Desrosiers alipofika, akiwa na sanduku moja na hajui Kiingereza, alipokewa na Edna Fehr.

Mama Edna aliwafungulia mlango kabla hawajagonga. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mipana, nywele nyeupe zilizobanwa nyuma. Walivua mabuti, wakayapanga kwenye trei. Jikoni kulinukia mkate wa mdalasini.

"Kaeni, wanangu. Kahawa ipo. Delphine, umekonda. Hawakulishi huko?"

"Nakula, Mama Edna."

"Huli. Orest nawe, koti hilo lilifika kwa fundi mara ya mwisho lini? Halyna angekuona angelia."

"Ndiyo, Mama."

Alimimina kahawa. Hakumwaga hata tone.

"Lorne alikuja kukuona alipofika mjini?" aliuliza Orest.

"Siku ya kwanza kabisa. Na maua. Maua wakati huu wa mwaka! Yalikuwa yamekufa kwa baridi kabla hajafika mlangoni."

"Na jana?"

"Jana hakuja."

"Wewe ulikwenda kwake?"

Mama Edna aliukata mkate vipande, akavipanga kwenye sahani.

"Mama, nani alilichomeka gari lake?"

"Betri ingekufa," alisema papo hapo. "Unajua jinsi alivyo, hasikii. Ingekufa, na asubuhi angeanza kumsumbua tena yule mzee—"

Kisu kilibaki juu ya mkate.

"Ndiyo," alisema baadaye. "Asubuhi. Hapakuwa na asubuhi."

Orest alimwonya kama sheria inavyotaka: kwamba si lazima aseme lolote, na lolote atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Mama Edna alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa matangazo ya kanisa. Kisha akavua aproni, akaikunja.

"Kunywa kahawa yako kwanza," alisema. "Itapoa."

Orest akanywa.

Mama Edna alitoa maelezo yake kituoni, Delphine akiwa pembeni na kinasa sauti kimewashwa.

"Unamkumbuka Conrad wangu?"

"Namkumbuka."

"Conrad hakuwa mchezaji wa Ligi. Nasema mimi niliyemzaa. Alikuwa anateleza kama ng'ombe, na pasi zake zilikwenda kwa watu wa upande wa pili. Angekuwa fundi umeme kama baba yake. Kisha wakaongeza timu. Ile mara iliyopita. Timu zikawa nyingi, wachezaji hawakutosha, wakaanza kukusanya kila mwenye miguu. Wakaja hapa. Walikaa kwenye kochi langu, wamevaa suti, na soksi zao nzuri. Walimtaka kwa ajili ya ngumi, maana kila timu ya hoki ilitaka mtu wake wa kupigana uwanjani."

"Akapigana."

"Kila mchezo. Watu wanalipa kuona hivyo. Wanasimama, wanapiga makofi, kijana wangu anapigwa kichwani. Alicheza misimu minne. Aliporudi alikuwa ananiuliza choo kiko wapi, kwenye nyumba aliyozaliwa. Usiku mmoja wa Januari alitoka nje kumtafuta mbwa. Mbwa alikuwa ameshakufa tangu Conrad yuko shule ya msingi. Walimkuta shambani kwa Klassen, ameganda kwa baridi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Orest. Yeye ndiye aliyembeba.

"Baada ya mazishi Lorne alipiga magoti pale jikoni. Alikuwa anamwita Conrad mdogo wake. Akaniambia, Mama, nikiwa hai hawaongezi timu nyingine. Na alishika neno. Kila walipouliza, alikataa. Walimcheka, akakataa. Mimi nilikuwa naishi kwa hilo, Orest. Watu wanaishi kwa vidonge. Mimi niliishi kwa hilo."

"Jana alikwambia nini?"

"Alinipigia simu. Akasema, Mama, njoo, nina habari nzuri. Nikavaa, nikaenda kwa miguu kwenye theluji. Nikavua mabuti, nikaketi. Akasema atapiga kura ya ndiyo. Wamempa kazi. Atakuwa rais wa timu mpya, hapa hapa, atakuwa karibu nami, atakuwa anakuja kula kila Jumapili. Nikamwambia, na Conrad? Akatabasamu. Akasema hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Siku ya kufungua uwanja watazima taa, watapiga tarumbeta, wataipandisha jezi ya Conrad darini. Namba yake haitavaliwa na mtu tena. Alifikiri nitafurahi."

Alitazama mikono yake, juu ya meza.

"Ungempiga hata kama asingesema hilo la jezi?" aliuliza Orest.

"Sijui. Nisingempiga, nadhani. Ningerudi nyumbani nikalale. Alisimama kwenda kunitengenezea chai, amenipa mgongo, anaendelea kuongea. Anasema watoto wataangalia juu waone jina la Fehr, na wao watake kuwa kama yeye."

Delphine alikohoa, akatazama kinasa sauti.

"Kisha?"

"Kisha nilikaa. Niliketi naye. Niliangalia theluji inavyoanguka mpaka ikakoma. Sikusikia kitu chochote, Orest. Hata sasa sisikii. Unajua hali hiyo?"

"Naijua."

Mlango uligongwa. Askari wa zamu alisema Meya yuko ukumbini, hataki kusubiri.

Lockhart alikuwa amevaa skafu ya rangi za timu ambayo bado haikuwepo.

"Nimesikia ni bibi kizee," alisema. "Mungu amsaidie. Kwa hiyo si mashabiki, si mambo ya timu, ni mambo ya kifamilia. Nzuri. Naweza kusema hivyo kwa waandishi? Mambo ya kifamilia?"

"Kura yake imepotea," alisema Orest. "Huna wasiwasi?"

"Kura gani?"

"Ya Desrosiers."

Meya alimwangalia kama mtu anayemwangalia mtoto asiyejua kufunga vifungo.

"Orest, wamiliki wa Ligi waliamua tangu kabla ya Krismasi. Timu ni yetu. Ile kamati, ukaguzi, mikutano, hayo ni ya watu kuona. Lorne walimtaka atabasamu tu, kwa kuwa alikuwa mpinzani. Mpinzani akitabasamu, wengine wananyamaza." Alimgusa bega. "Na lile la jezi tutaendelea nalo. Sasa lina uzito zaidi, hata. Mama mwenyewe, msiba, unaelewa. Watu watalia."

Orest alisubiri hasira ije. Haikuja. Walikuwa wamemaliza hasira yake siku ileile waliyofunga wodi, wakamwachia mwili wa kwendea kazini. Aligeuka, akarudi chumbani, akafunga mlango.

Mama Edna aliinua uso. "Angalau sasa hawataleta timu," alisema. "Si ndiyo? Mtu akifa kwa ajili yake, hawataleta."

Delphine alimtazama Orest, akimwomba kwa macho.

"Wataleta, Mama," alisema Orest. "Walishaamua kabla Lorne hajapanda ndege."

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kukinunua.

"Kwa hiyo Lorne..."

"Alikuwa pambo tu. Hakujua."

"Nimemuua mtoto wangu bure."

Orest aliangalia kama kinasa sauti bado kimewashwa.

"Na Conrad?" aliuliza Mama Edna. "Watampandisha?"

"Wanataka."

"Wanaweza? Nikiwa nimefungwa, wanaweza kumpandisha tu?"

Orest alivuta karatasi ya maelezo. Hakuwa mwanasheria. Shule aliiacha mapema, na cheo alikipata kwa kutembea doria. Hakujua kama karatasi ya polisi inaweza kumzuia mtu mwenye suti kufanya anachotaka. Kwa aliyoyaona maishani mwake, haikuwahi. Alijua tu kwamba karatasi hii itasomwa mahakamani kwa sauti, waandishi wamekaa, na Meya amekaa.

"Jina ni la mwanao," alisema. "Mrithi wake ni wewe. Sema unachotaka."

"Mkuu," alisema Delphine kwa sauti ndogo, "hilo halihusiani na mauaji."

"Linahusiana."

Mama Edna aliegemea mbele, kwenye kinasa sauti, akasema taratibu ili lisipotee neno.

"Mimi, Edna Fehr, mama wa Conrad, nakataa. Jina lake wasilipandishe popote. Wasizime taa. Wasipige tarumbeta. Mtu yeyote asipige makofi."

"Rudia sehemu ya mwisho," alisema Orest.

"Mtu yeyote asipige makofi."

Orest akayaandika maneno hayo kwa herufi kubwa, kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya kosa lenyewe. Kisha akamgeuzia karatasi, akampa kalamu, akamwonyesha mahali pa kutia saini.